UZI: Bing Crosby aliuza santuri ngapi hasa? Milioni 200, milioni 300, au kingine kabisa?

#1 Sindano_ya_Chuma (mleta uzi)

Salaam wakuu. Kuna takwimu mbili za mwimbaji wa Marekani Bing Crosby zinazorudiwa kila mahali. Juni 1960, Chemba ya Biashara ya Hollywood ilimkabidhi sahani ya platinamu kwa mauzo ya santuri milioni 200. Mwaka 1970 akapewa ya pili, safari hii kwa nakala 300,650,000. Alifariki Oktoba 1977, na tangu hapo kila mwandishi anaongeza anavyotaka.

Dai langu: ile 300,650,000 si idadi ya vitu vilivyovuka kaunta ya duka. Ni hesabu ya kitu kingine. Huyu mtu alianza kurekodi miaka ya 1920 kwenye sahani za mizunguko 78 kwa dakika, akapita kwenye LP (sahani ndefu ya nyimbo nyingi), sahani ndogo za mizunguko 45 na kanda, na baada ya kufa kwake sauti yake ikahamia CD, upakuaji na strimu. Kila hatua kipimo kilibadilika. Nani anaweza kuonyesha namba hiyo ilipatikanaje?

#2 Mhasibu_wa_Ngoma

Mleta uzi umegusa penyewe. Kabla ya kuuliza "ngapi", uliza "ngapi za nini". Chukua mfano wa mwimbaji wa kubuni mwenye singo (santuri za wimbo mmoja mmoja) milioni 40 na LP milioni 10 zilizouzwa kwelikweli, risiti zote zipo, hakuna aliyedanganya.

Ukihesabu vipande, ameuza milioni 50.

Ukitumia "usawa wa singo", kipimo cha zamani ambapo LP moja ni sawa na singo sita, anapata 40 + 60, yaani milioni 100.

Ukitumia "usawa wa albamu" wa leo, ambapo nyimbo kumi hufanya albamu moja, anashuka hadi 10 + 4, milioni 14.

Wapo pia wachambuzi wanaoona singo ya sahani ina uzito kuliko wimbo wa kupakua, wanaipa 0.3 ya albamu. Hapo anapata 10 + 12, milioni 22.

Mtu mmoja, mauzo yaleyale: 14, 22, 50, 100. Mwandishi akiandika "ameuza milioni 100" bila kutaja kipimo, hajaandika kitu.

#3 Kijana_wa_Kaseti

Mkuu #2, hicho kipimo cha singo sita kilitumika kweli au ni cha vijiweni?

#4 Mhasibu_wa_Ngoma

Kilitumika, tena kwa waliochapisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kiliandika mauzo ya Beatles kuwa milioni 545 kwa usawa wa singo. Watu walionakili baadaye wakaacha hayo maneno matatu ya mwisho, ikabaki milioni 545 tu. Ndivyo namba zinavyovimba: hakuna anayeongeza tarakimu, kinachopotea ni kipimo.

#5 Lebo_Nyekundu

Ila msisahau kwamba rekodi ya dhahabu ilikuwepo tangu 1942, kiongozi wa bendi Glenn Miller alipewa. Kwa hiyo kuna ukaguzi rasmi wa tangu enzi hizo. Kwa nini tusiende tu kusoma orodha ya RIAA, chama cha kampuni za santuri cha Marekani?

#6 Bi_Gramafoni

Hapana Lebo_Nyekundu, hapo umechanganya. Ile ya Februari 1942 ilitolewa na kampuni yake mwenyewe, RCA Victor, kwa santuri iliyopita nakala milioni 1.2. Ilikuwa zawadi ya kujitangaza, hakuna mkaguzi wa nje. RIAA yenyewe ilianzishwa 1952 na ikaanza kutoa dhahabu 1958. Singo ya kwanza kupewa ilikuwa ya Perry Como, Machi mwaka huo.

Maana yake kwa Crosby ni nzito. Miaka yake mikubwa ni kati ya 1931 na 1950 hivi. Yote iko nyuma ya mlango wa RIAA. Na hata baada ya 1958, RIAA haizunguki kutafuta nani kauza. Lebo, yaani kampuni ya santuri, ndiyo inayoomba, inaleta vitabu, inalipia ukaguzi. Lebo isipoomba, mwimbaji anabaki sifuri hata kama nusu ya nchi ina sahani yake.

#7 Lebo_Nyekundu

Asante Bi Gramafoni, nimekubali kwa hilo. Ila mbona Elvis ana orodha ndefu ilhali naye ni wa zamani?

#8 Bi_Gramafoni

Kwa sababu kampuni yake iliamua kufukua makaratasi. Agosti 1992 alitunukiwa kwa mkupuo tuzo 110 za dhahabu na platinamu, miaka 15 baada ya kifo chake. Hakuuza santuri hizo mwezi ule. Vitabu ndivyo vilifunguliwa mwezi ule. Tena Elvis ana bahati: rekodi zake tangu mwishoni mwa 1955 ziko chini ya kampuni moja na warithi wake. Crosby alipitia Victor na Columbia akiwa na bendi ya Paul Whiteman, Brunswick kuanzia 1931, Decca kuanzia 1934, kisha akawa mtu huru katikati ya miaka ya 1950 akirekodi kwa huyu na yule. Decca nayo ikanunuliwa na MCA 1962. Vitabu vyake vimetawanyika.

#9 Kipande_cha_Shelaki

Wakuu, mimi napendekeza njia ya dari. Huwezi kujua aliuza ngapi, lakini unaweza kujua hakuweza kupita ngapi.

Soko zima la Marekani lilikuwa sahani milioni 104 mwaka 1927. Mdororo wa uchumi na redio vikaliponda, mwaka 1932 zikauzwa takriban milioni 6. Milioni sita kwa waimbaji wote, bendi zote, lebo zote! Mpe Crosby sahani moja kati ya kila kumi, jambo kubwa mno kwa mtu mmoja, anapata 600,000 kwa mwaka mzima, nyimbo zake zote zikijumlishwa. Kwa hiyo ukisoma kwamba wimbo wake fulani wa 1932 "uliuza milioni" mwaka uleule, funga ukurasa.

Decca ilipoingia Marekani 1934 iliuza sahani kwa senti 35 wakati wenzake walidai senti 75, na Crosby ndiye alikuwa chambo. Soko likainuka, likafika karibu milioni 130 mwaka 1941. Moja ya kumi hapo ni milioni 13. Rudia kiwango hicho kwa miaka 15 unapata milioni 195.

#10 Sindano_ya_Chuma

Hebu subiri. Milioni 195 iko jirani sana na milioni 200 ya mwaka 1960. Unataka kusema ile ya kwanza ni kweli?

#11 Kipande_cha_Shelaki

Nasema haiko nje ya dari, basi. Kuwa chini ya dari hakumaanishi umefika kwenye dari. Moja ya kumi kwa miaka 15 mfululizo ni dhana ya ukarimu mkubwa. Na ndani ya miaka hiyo kuna vita: Aprili 1942 serikali ilipunguza shelaki ya kutengenezea santuri kwa asilimia 70, madukani watu wakaombwa warudishe sahani kuukuu zisagwe upya. Halafu Agosti 1 mwaka huohuo chama cha wanamuziki kikagoma kurekodi hadi Novemba 1944.

#12 Nta_na_Fedha

Sahihisho dogo kwa #11. Novemba 1944 ni Columbia na Victor. Decca ilikubaliana na chama Septemba 1943, zaidi ya mwaka mzima mapema. Kwa hiyo mgomo uleule unaoutumia kumshusha Crosby ndio uliompa nafasi: alikuwa studio na okestra wakati wapinzani wake wa lebo kubwa wanaimba na kwaya bila ala. Na wimbo wake wa Krismasi, "White Christmas", ulirekodiwa Mei 29, 1942, miezi miwili kabla mlango haujafungwa.

#13 Kipande_cha_Shelaki

Kweli mkuu, nimerekebisha. Fungu lake la soko kwa 1943 na 1944 basi linapanda, ila keki yenyewe ilikuwa ndogo.

#14 Mtaa_wa_45

Mmefika "White Christmas", nami hapo ndipo penye swali langu. Guinness inasema singo hiyo ni nakala milioni 50, makadirio, na ukiweka albamu zote zenye wimbo huo inapita milioni 100. Singo iliyouza zaidi duniani. Lakini kuna rekodi mbili! Ile ya 1942 na ile ya Machi 19, 1947. Milioni 50 ni za ipi?

#15 Nta_na_Fedha

Za zote mbili kwa pamoja, na hazitenganishiki tena. Ngoja nieleze kiwandani kulikuwa na nini, maana ndicho chanzo cha kurekodi mara ya pili.

Sauti ilichongwa kwenye sahani laini. Ile sahani ikapakwa tabaka jembamba linalopitisha umeme, ikatumbukizwa kwenye tangi, chuma kikajijenga juu yake. Ukikibandua unapata bamba lenye mifereji iliyogeuka kuwa matuta. Hilo ndilo "baba". Kutoka kwa baba unajenga "mama", lenye mifereji kama sahani ya kawaida. Kutoka kwa mama unajenga mabamba ya kuchapia, yenye matuta tena, na hayo ndiyo yanayoingia kwenye mashine na kukandamiza shelaki ya moto.

Bamba la kuchapia linachoka baada ya sahani elfu moja hivi, wakati mwingine mapema sana, kwa sababu shelaki huchanganywa na unga wa mawe na ule unga unakwangua chuma. Sasa gawanya: sahani milioni moja ni mabamba elfu moja kwa upande mmoja tu wa sahani. Mabamba yakiisha unarudi kwa mama, mama akichakaa unarudi kwa baba, na kila kubandua ni hatari ya kukwaruza. Kufikia 1947 vyuma vya 1942 vilikuwa vimetumika hadi vikaharibika, Crosby akaitwa arudie na okestra ileile na kwaya ileile. Lebo ya santuri dukani haikumwambia mnunuzi chochote kuhusu tofauti hiyo.

#16 Kijana_wa_Kaseti

Basi si tuhesabu mabamba! Kama kila bamba ni elfu moja na kila bamba lina namba, jibu liko kwenye sahani zenyewe.

#17 Nta_na_Fedha

Wazo zuri, na wapo wakusanyaji wanaofanya hivyo. Santuri za Crosby Uingereza zilitoka kwa jina la Brunswick lakini zilikandamizwa na Decca ya huko. Decca ile iliweka herufi za siri kwenye eneo tupu karibu na karatasi ya lebo katikati ya sahani, kwa neno BUCKINGHAM: B ni 1, U ni 2, C ni 3, K ni 4, I ni 5, N ni 6, G ni 7, H ni 8, A ni 9, M ni 0. Ukikuta UC, ni bamba la 23. Yaani hadi hapo zimetoka si zaidi ya sahani elfu 23 hivi kutoka mlolongo huo.

Inakoharibika ni hapa. Bamba linaweza kupasuka baada ya sahani mia mbili na namba inayofuata ikaendelea kama kawaida. Bamba la mwisho linaweza kuwa halikutumika. Upande wa pili wa sahani una hesabu yake, na ukikuta upande mmoja ni 23 na wa pili ni 41 hujui ufuate upi. Juu ya yote, sahani yenye namba kubwa kuliko zote inabidi iwe imenusurika na wewe uwe umeishika mkononi. Njia hii inakupa kiwango cha ukubwa, elfu kumi au elfu mia, haikupi jumla.

#18 Mtaa_wa_45

Darasa zuri mkuu Nta. Kumbe mama na baba hadi kwenye santuri!

#19 Mhasibu_wa_Ngoma

Turudi kwenye fedha. Njia ya tatu ni vitabu vya mirabaha (malipo ya mwimbaji kwa kila nakala), na wengi wanadhani hiyo ndiyo safi kuliko zote. Si safi. Mikataba mingi ya zamani ililipa mwimbaji kwa asilimia 90 tu ya mauzo, ile 10 ikikatwa kwa kisingizio cha shelaki kuvunjika njiani. Shelaki ikaondoka, vinaili isiyovunjika ikaja, kipengele kikabaki kwenye mikataba kwa miongo.

Ongeza nakala za bure kwa wasambazaji. Mathalani, lebo inampa muuzaji 115 na kumtoza 100. Zile 15 hazilipiwi mrabaha ingawa dukani zinauzwa kama nyingine. Ukikutana na kitabu cha mkataba kama huo kinachosema 90, kiwandani zimetoka 115. Kizidisho ni karibu 1.28. Klabu za santuri za kutuma kwa posta, zilizoanza kushamiri tangu 1955, mara nyingi zililipa nusu ya kiwango, kwa hiyo anayegawa fedha kwa kiwango kizima anapata nusu ya nakala. Halafu kuna fedha inayozuiwa kusubiri marejesho. Mtu akisoma jumla ya fedha na kuigeuza nakala bila kujua vipengele hivi, atamwonea mwimbaji vibaya sana.

#20 Lebo_Nyekundu

Hii inaenda kinyume na mleta uzi. Yeye anasema namba imevimba, wewe unasema vitabu vinapunguza.

#21 Mhasibu_wa_Ngoma

Vyote viwili vinatokea kwa wakati mmoja. Vitabu vinapunguza, matangazo yanavimbisha. Guinness yenyewe, ilipotaja 300,650,000, ilionya kwamba hakuna hesabu iliyokaguliwa huru kutoka kwenye vitabu vya mirabaha iliyowahi kuchapishwa, na kwamba wajuzi waliona namba kubwa hivyo kwa enzi hiyo zimetiwa chumvi. Onyo hilo lilikuwa palepale kando ya namba. Wanakili wameliacha.

#22 Sindano_ya_Chuma

Sasa sikilizeni. Kati ya 1960 na 1970 namba ilipanda kwa 100,650,000. Hiyo ni zaidi ya milioni 10 kila mwaka, katika muongo ambao redio zilikuwa za Beatles na Crosby hakuwa na singo mpya kubwa. Haiwezekani kwa vipande. Lakini gawanya kwa sita, kipimo cha #2: unapata LP 1,677,500 kwa mwaka. Kwa mtu ambaye kila Desemba nchi nzima inamnunua upya, hiyo inaaminika kabisa. Nashikilia: namba ya 1970 ni usawa wa singo.

#23 Kipande_cha_Shelaki

Hesabu yako ni nzuri, ila umetoa namba moja kutoka kwenye nyingine kama vile zote zina kipimo kimoja. Kama 1960 walihesabu sahani na 1970 wakahesabu usawa wa singo, basi hata LP za 1949 hadi 1960 ziligeuzwa upya na kuongezwa, na tofauti yako ya miaka kumi haina maana. Ongezeko lote linaweza kuwa limetokana na kubadili kikokotoo tu, bila LP moja ya ziada.

#24 Bi_Gramafoni

Au wamehesabu nyuso za sahani. Sahani ya 78 ina nyimbo mbili, na kwenye mazungumzo ya studio watu walisema "amerekodi nyuso kadhaa", si sahani. Milioni 300 za nyuso ni milioni 150 za sahani. Sisemi ndivyo ilivyo, nasema mlango huo uko wazi na unaingia vizuri chini ya dari ya #9.

#25 Kijana_wa_Kaseti

Na albamu? Kabla ya LP ya 1948 hapakuwa na albamu, kwa hiyo kuanzia hapo nyuma ni singo tupu, hesabu ni rahisi.

#26 Bi_Gramafoni

Zilikuwepo, mdogo wangu, na jina limetoka huko. Albamu ilikuwa kitabu chenye mifuko ya karatasi, kila mfuko sahani moja ya 78, kama albamu ya picha. "White Christmas" ilitoka Julai 1942 ndani ya albamu ya Decca A-306 yenye nyimbo za filamu "Holiday Inn", sahani sita, nyimbo kumi na mbili. Mwaka 1945 ikaja "Merry Christmas", sahani tano. Hiyohiyo ikawa LP ya inchi 10 mwaka 1949, na LP ya inchi 12 mwaka 1955, ikiongezewa nyimbo.

Sasa wewe mhesabuji unafanyaje? Aliyenunua "Merry Christmas" 1945 alibeba sahani tano nyumbani. Kiwandani ni tano. Dukani ni albamu moja. Aliyenunua 1949 alibeba sahani moja yenye sehemu kubwa ya muziki uleule. Ukihesabu sahani, mnunuzi wa 1945 ana uzito mara tano ya wa 1949, na mwimbaji anaonekana ameporomoka wakati ambapo watu walewale bado wanamnunua.

#27 Mtaa_wa_45

RIAA nao wana mchezo huo. Albamu ya sahani mbili inahesabiwa mara mbili. Wakati wa CD waliweka sharti la kupita dakika 100, lakini LP pacha za zamani zinapewa mara mbili hata zikiwa fupi.

#28 Mhasibu_wa_Ngoma

Na kabla ya 1975 dhahabu ya albamu haikuwa nakala kabisa, ilikuwa fedha: dola milioni moja kwa bei ya jumla. LP inayotoka kiwandani kwa dola 2 ilihitaji nakala 500,000. Seti inayotoka kwa dola 4 ilihitaji 250,000 tu. Ndipo 1975 wakaongeza sharti la nakala 500,000. Singo nazo: dhahabu ilikuwa milioni moja tangu 1958, platinamu ikaja 1976 kwa milioni mbili, halafu 1989 wakashusha zote kwa nusu. Kwa hiyo "singo ya dhahabu" ya 1962 na ya 1992 ni vitu viwili tofauti vyenye jina moja. Anayejumlisha medali bila kuangalia tarehe anajumlisha futi na mita.

#29 Mlinzi_wa_Pau

Niongeze upande wa dukani. Tangu Machi 1991 mfumo wa kuhesabu mauzo wa SoundScan ulianza kusoma msimbopau kwenye kaunta, na Mei 25 mwaka huo chati ya albamu ya jarida la Billboard ikaacha kutegemea ripoti za simu za wauza duka. Wengi wanadhani kuanzia hapo ukweli ulipatikana. Kwa msanii wa leo, karibu. Kwa katalogi ya Krismasi, hapana. Klabu za posta hazikuingia. Maduka yasiyo ya muziki yaliyoweka rafu ya CD za bei chee mwezi Desemba, mengi yalichelewa kuunganishwa. Huko ndiko Crosby alikokuwa anauzwa. RIAA wanahesabu usafirishaji ukitoa marejesho, na klabu wanaziweka, ndiyo maana namba zao na za SoundScan kwa albamu moja zinaweza kupishana kwa mamilioni bila yeyote kukosea.

Uingereza ni vivyo hivyo. BPI, chama cha kampuni za santuri cha huko, walianza tuzo Aprili 1973, na tangu Julai 2013 zinatoka zenyewe bila lebo kuomba, ila kwa data ya kuanzia 1994. Santuri ya 1942 inaanza maisha yake mwaka 1994.

#30 Lebo_Nyekundu

Duh. Kwa hiyo kadiri kompyuta zinavyoongezeka ndivyo wazee wanavyopungua.

#31 Nta_na_Fedha

Kuna shimo lingine kubwa ambalo hamjalitaja: Ulaya. Haki za rekodi huko zilidumu miaka 50. Rekodi za Crosby za miaka ya 1940 zikaanza kuwa mali ya umma miaka ya 1990, na muda ulipoongezwa hadi miaka 70 kwa agizo la Umoja wa Ulaya la 2011, zilizochapishwa kabla ya 1963 hazikurudishiwa ulinzi. Lebo yoyote ndogo ikaruhusiwa kuzichapa CD za nyimbo 25 kwa bei ya karanga, bila mrabaha wa rekodi, bila ripoti kwa mwenye katalogi. Si haramia hao, ni halali. Lakini hazimo kwenye kitabu cha mtu yeyote anayejumlisha.

Marekani ni kinyume: kwa sheria ya 2018, rekodi iliyotoka 1942 inalindwa miaka 100, hadi mwisho wa 2042, na ya 1947 miaka 110, hadi mwisho wa 2057. Sauti ileile ni ya umma upande mmoja wa bahari na ina mwenyewe upande wa pili.

#32 Mtaa_wa_45

Msisahau pia V-Disc, sahani za jeshi la Marekani za 1943 hadi 1949. Crosby alikuwemo. Hazikuuzwa, kwa hiyo si mauzo, ila nashuku waliotengeneza namba za matangazo hawakuzitenga.

#33 Kipande_cha_Shelaki

Hiyo ni shuku tu mkuu, hatuna ushahidi wa kuziweka ndani. Mimi ningeziacha.

#34 Kijana_wa_Kaseti

Na strimu je? Mbona hapo kila kitu kinahesabiwa, hakuna cha kukisia.

#35 Mhasibu_wa_Ngoma

Kinahesabiwa, kisha kinageuzwa. RIAA tangu Februari 2016: strimu 1,500 ni albamu moja, strimu 150 ni singo moja. Wimbo mmoja ukisikilizwa mara bilioni moja, ni singo 6,666,667, au albamu 666,667. Mabilioni yanayotisha kwenye skrini yanashuka kuwa laki kadhaa. Billboard mwaka 2018 wakatenganisha: 1,250 kwa waliolipia, 3,750 kwa wanaosikiliza na matangazo. Uingereza wanatumia 100 na 600 kwa singo. Ukibadili nchi umebadili mwimbaji.

Halafu tazama jukiboksi (mashine za kupiga santuri kwa sarafu) za miaka ya 1930 na 1940, ambazo zilikuwa mteja mkubwa sana wa Decca. Sahani moja ya Crosby ndani ya jukiboksi ilipigwa mara mia kadhaa, kila mara kwa sarafu ya msikilizaji. Ikahesabiwa nakala moja. Kwa kanuni ya leo, kila mapigo 150 yangekuwa singo nyingine. Kama tunageuza strimu kuwa santuri kwa ajili ya vijana, haki ingetaka tugeuze na sarafu za jukiboksi kwa ajili ya wazee.

#36 Sindano_ya_Chuma

Hoja ya jukiboksi imenigusa sana, ingawa siafiki kuigeuza. Mauzo ni mauzo. Mimi nahesabu nakala zilizonunuliwa, strimu nitaiweka safu yake peke yake.

#37 Mlinzi_wa_Pau

Ukifika kwenye safu hiyo, uwe makini na msimbo wa ISRC, utambulisho wa kila rekodi. Ni herufi na tarakimu 12: mbili za nchi, tatu za aliyesajili, mbili za mwaka, tano za rekodi. Ule mwaka ni wa msimbo kutolewa, si wa kurekodi, kwa hiyo usiutumie kujua kama ni ya 1942 au 1947. Na kila lebo ya Ulaya iliyopandisha "White Christmas" imeipa msimbo wake, kwa hiyo strimu za rekodi moja zimetawanyika kwenye mafaili mengi, baadhi yakiwa na jina la albamu ambayo Crosby hakuwahi kuitoa.

#38 Mtaa_wa_45

Kuzitofautisha tumia sikio. Ya 1947 ina filimbi na selesta (ala ya vitufe yenye mlio wa kengele ndogo) kwenye utangulizi, zinang'aa kabla hajaanza kuimba. Ya 1942 haina.

#39 Sindano_ya_Chuma

Nimejaribu sasa hivi kwenye mafaili manne yaliyoandikwa "1942". Matatu yana selesta.